Kidari cha Mkwe

Jumatano, 16 Machi

Siku sita kabla ya Nairuzi, mwaka mpya wetu. Leo sijakaa chini. Chai nimeinywa nimesimama, supu nimeinywa nikitembea. Nimepata wazo!

Nimekutana sokoni na Mheshimiwa Temirkhan, mkuu wa barabara za wilaya, akibonyezabonyeza mikia ya kondoo. Nikamwalika kwangu kwa chakula cha sikukuu. Nikataja kondoo mzima. Nikataja soseji za farasi. Akasema atakuja, na mwanawe Sanat ndiye atakayemwendesha. Sanat! Miaka ishirini na saba, kazi nzuri mjini, na viatu ambavyo havijui tope ni nini. Na mimi nina Akmaral wangu, muuguzi wa zahanati, miaka ishirini na minne. Sura nzuri kaipata kwangu.

Shida ni moja. Baba wa msichana hawezi kwenda kwa watu kumnadi bintiye. Nitachekwa kutoka hapa hadi Taldykorgan. Lakini nyama inaweza kusema nisichoweza kusema mimi. Nani hajui kidari cha kondoo ni cha nani? Ni cha mkwe wa nyumba. Ukimwekea kijana kidari mbele ya wazee, akala, na dua ikaombwa, basi tena. Nitakiweka mbele ya Sanat kama mtu aliyepitiwa. Mheshimiwa atashtuka, atafikiri, na wiki ijayo ataleta wazee wake kuposa. Mimi na yeye tutakuwa makuda, wazazi tulioozeshana, watoto wetu mume na mke. Barabara yetu itatiwa lami hadi langoni pangu!

Tena Orazbek ataona. Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na kila msimu wa baridi anasukumia theluji yake upande wangu. Binti yake aliolewa mwaka jana na mtoto wa meneja wa benki. Sasa hawezi kukupa hata habari ya mvua bila kuanza na “kuda wangu wa benki anasema”.

Nimemweleza mke wangu, Balzhan. Alikuwa anakanda unga. Akaniuliza kama nimezungumza na Akmaral. Nikamwambia jambo la kushtukiza haliulizwi. Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye unga wake.


Ijumaa, 18 Machi

Nimechora mpango wa kuketi. Nimeuchora mara nne.

Mama yangu juu kabisa, mbali na mlango, kwa sababu ana miaka themanini na moja na hakuna wa kubishana naye. Mheshimiwa kulia kwake. Sanat wa tatu kutoka dirishani, penye mwanga, ili watu wote wakione kidari. Mimi karibu na mlango, mwenyeji ninayehangaika. Akmaral apite na chai wakati ule ule, kwa bahati. Balzhan ameuona mchoro. Alichouliza ni kama Mheshimiwa anapenda chai nzito au nyepesi.

Jiko la uani limeanza kutoa moshi. Kabla sijalalamika mara ya pili, Yeldos, mtoto wa Orazbek, alikuwa ameshapanda juu ya paa anazibua bomba. Sikumwita. Yeye ni fundi wa matrekta, naona hawezi kuona chuma akakiacha. Kijana mwema, ingawa baba yake ni yule. Akmaral alimpelekea chai juu ya ngazi. Halafu akaenda kwa Orazbek kuazima chekeche. Ni mara ya tatu wiki hii anaazima chekeche. Nimemwambia mama yake tununue letu.


Jumamosi, 19 Machi

Balaa! Orazbek amenusa.

Alinisimamisha ukutani, akaniuliza kwa nini nimenunua kondoo mkubwa hivyo wakati nyumba yenyewe ina watu wanne. Nikasema tunapenda nyama. Akasema kuda wake wa benki anasema watu siku hizi wanakopa ili waonekane. Damu ikanipanda kichwani, lakini nikajizuia. Akaendelea kuchimba: karamu lini? Hapo akili yangu ikafanya kazi haraka, kama kawaida. Nikamdanganya. Nikasema tarehe ishirini na tatu, mambo madogo tu, ya kifamilia.

Uso wake ukafunguka. Akasema, basi vizuri sana! Kama karamu ni ishirini na tatu, tarehe ishirini na mbili tutakuwa na nafasi, atakuja yeye na Yeldos kunywa uji wa Nairuzi na kumsalimu mama.

Nimwambieje asije? Siku ya Nairuzi hakuna anayefunga mlango. Hata adui yako akiingia, unampa bakuli. Nilisimama pale nimeshika koleo la theluji kama mtu aliyepigwa picha.

Nimewaza njia sita za kumzuia. Ya kwanza, kusema mama ana mafua. Mama akanisikia, akapiga kelele kutoka chumbani kwamba mafua ninayo mimi, tena ya kichwani. Zile nyingine tano bado nazifikiria.


Jumapili, 20 Machi

Kondoo amechinjwa. Siku ngumu.

Niliwaambia wote kwamba nitamkata mwenyewe. Marehemu baba alikuwa anamfungua kondoo kwa kisu kidogo tu, kiungo kwa kiungo, bila kuvunja mfupa hata mmoja, huku anasimulia hadithi. Nimemwona mara mia. Kuona na kufanya kumbe ni vitu viwili. Nilianza na nyonga. Nyonga haikufunguka. Nikatafuta kiungo juu, nikatafuta chini. Mwisho nikachukua shoka.

Mama alitokea mlangoni wakati mfupa unalia. Sitaandika maneno yake yote. Alisema amezaa mkata kuni. Alisema mgeni gani atakayewekewa mfupa wenye meno ya shoka, labda mbwa wa posta.

Balzhan alikwenda ukutani, akaita upande wa pili. Yeldos akaja, akakunja mikono ya shati. Kisu kilipita kwenye viungo kama kinateleza kwenye siagi. Nyonga hii, muundi huu, mbavu hizi. Hata ile niliyoiharibu akaitengeneza, akasema itawekwa chini ya tambi na hakuna atakayeijua. Nikaona ni vema nionekane ndiye msimamizi. Nikamwambia awe mwangalifu na kidari, akitoe kizima, akiache na mafuta yake, maana kidari hicho ni cha mkwe wangu.

Kijana akasimama kidogo na kisu mkononi. Masikio yake yakawa mekundu, yote mawili. Akauliza kwa sauti ndogo mkwe yupi. Nikamkonyeza, nikamwambia ataona siku ya sikukuu. Baada ya hapo alikata kimya kimya, na alipomaliza akaenda bila hata kunywa chai. Vijana wa siku hizi wamekuwa dhaifu, damu kidogo tu inawatoa rangi.


Jumatatu, 21 Machi

Sikai, sisimami.

Asubuhi nimefanya mazoezi na mto wa kukalia. Nimechukua ule mwekundu, nikauweka wa tatu kutoka dirishani, nikaujia na sinia tupu, nikainama, nikasema: “Karibu, mwanangu, hiki ni chako. Nyumba hii ni yako.” Mara ya kwanza sauti ilikwaruza. Mara ya pili nilikanyaga pindo la zulia. Mara ya tisa ilikuwa nzuri mno, nikatokwa na machozi. Mto mwekundu unabaki hapo hapo. Nimetangaza kwamba atakayeusogeza atanitambua.

Balzhan anachanganya uji: maji, nyama ya akiba ya msimu wa baridi, chumvi, mafuta, unga, ngano, maziwa ya mgando. Vitu saba, hakipungui kimoja. Nimeonja mara kumi na moja kuhakikisha. Akaninyang’anya mwiko.

Jioni nilimkuta Akmaral jikoni analia. Balzhan akasema ni vitunguu. Nikatazama mezani, vitunguu sikuviona, lakini labda alishavikata. Nikamwambia binti yangu kwamba kesho ni siku kubwa, avae gauni la bluu. Akasema, “Sawa, baba,” bila kuniangalia.

Nampenda sana mtoto huyu. Alipokuwa na miaka sita alikuwa ananifunga bendeji kila mahali, hata palipokuwa pazima. Nataka apate maisha ambayo hatachota maji kwenye barafu. Hiyo tu. Basi na lami kidogo.


Jumanne, 22 Machi. Nairuzi!

Acha nipange kama yalivyotokea.

Saa nane. Mheshimiwa anafika kwa gari jeusi. Sanat na shati jeupe. Sekunde hiyo hiyo, lango la pili linafunguka: Orazbek na Yeldos, naye na shati jeupe! Kijiji kizima hakuna rangi nyingine? Orazbek ananipa mikono yote miwili, anatabasamu mpaka jino la dhahabu. Anaona gari. Anasema, ala, kumbe mambo madogo ya kifamilia yana namba za serikali.

Mama anawaita wote ndani. Nikabaki uani na sufuria. Sasa yaliyotokea ndani nimesimuliwa baadaye, maana mimi sikuwepo, na ndiyo yaliyoniua.

Walianza kubishana nani akae juu. Mheshimiwa akasema haketi juu kumpita Orazbek, Orazbek kamzidi miaka miwili. Orazbek akasema yeye ni mchunga kondoo mstaafu, hawezi kumpita mkuu wa barabara. Mheshimiwa akamvuta mkono. Orazbek akashika mlango. “Wewe juu!” “Hapana, wewe, Mheshimiwa, usinifedheheshe!” “Wallahi sikai!” Robo saa nzima. Kila mmoja anamsukuma mwenzake kwa heshima, mito inatembea huku na huku. Mwisho mama akagonga fimbo, akasema supu itapoa mpaka Nairuzi ya pili. Wakaangukia popote. Sanat akatafuta mtandao wa simu, akaupata karibu na mlango, akakaa hapo hapo. Na mama, ambaye hana meno ya kuchana nyama, akamvuta Yeldos akae karibu ili amkatie vipande vidogo. Alimketisha wa tatu kutoka dirishani. Kwenye mto mwekundu.

Mimi huku uani naopoa kidari. Mvuke kama wa garimoshi, miwani yote nyeupe. Balzhan akaja, akanivua miwani. Akasema imejaa mafuta, nitaaibika mbele ya wageni, ataifuta. Nikamwambia afanye haraka. Akasema niende tu, chakula kisipoe, ataniletea ndani.

Nikaenda. Sioni kitu. Naona kidoa chekundu, juu yake kidoa cheupe. Shati! Nikainama mbele ya kidoa, nikaweka sinia, na sauti ikatoka safi kuliko mazoezi yote tisa: “Karibu, mwanangu, hiki ni chako. Nyumba hii ni yako.” Kisha, kwa kuwa kimya kilikuwa kikubwa na mimi sipendi kimya, nikaongeza ambayo sikuyapanga. Nikasema nimekuwa nikikutazama kwa muda mrefu. Nikasema binti yangu hatapata kijana bora kuliko wewe. Nikasema baba yako ni mtu ninayemheshimu kuliko wote wilayani.

Nikasikia mtu anakohoa uji. Alikuwa Orazbek.

Kidoa cheupe kikakata kipande cha kidari, kikala. Mama papo hapo akainua viganja. Hakupoteza hata nusu dakika. Akawaombea uzazi, akawaombea wajukuu wengi na mifugo mingi, akawaombea wazeeke pamoja na meno yao. “Amin!” Mikono yote ikapita usoni. Mimi nikapitisha wangu kwa nguvu kuliko wote.

Hapo Balzhan akanivalisha miwani.

Yeldos. Mbele yangu alikuwa Yeldos, mafuta kidevuni, machozi machoni. Mlangoni alisimama Akmaral na gauni la bluu na birika la chai, anacheka na kulia kwa pamoja. Sijamwona hivyo tangu alipokuwa mdogo. Orazbek kafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya ujirani hakikutoka kitu.

Nikataka kusema hapana. Nikataka kusema nimekosea. Nikamtazama mama. Mama akanitazama. Dua imeshaombwa, watu wameitikia amin, na mtoaji ni mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Utairudishaje? Nikakaa chini.

Mheshimiwa akanyanyuka kunikumbatia. Akasema hajawahi kuona baba mwenye moyo mkubwa hivi, anayemchagulia bintiye fundi kwa tabia yake na si kwa cheo cha mzazi wake. Akasema naye ana furaha, Sanat anafunga ndoa Juni na daktari wa Almaty, na kadi yetu ipo kwenye gari.

Kadi ipo kwenye gari!

Nikauliza kwa unyonge habari za lami. Akasema bajeti.


Jumatano, 23 Machi

Nimeamua kuumwa. Nimejifunika blanketi tangu asubuhi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Dua ni dua, lakini bado haijawa posa. Posa haifungwi mpaka pande mbili ziwe zimekula ini na mafuta ya mkia kutoka bakuli moja. Nisipokula, kuna mwanya. Mgonjwa wa tumbo hali mafuta. Daktari yeyote atakubali.

Saa tano wakaja. Orazbek, mkewe, kaka zake wawili na wake zao, pamoja na hereni za uchumba za Akmaral kwenye kitambaa cheupe. Nikawasikia kupitia ukuta. Orazbek alikuwa anasema kuda wake wa benki alimwekea soseji baridi kwenye harusi, lakini kuda wake wa hapa kamwonyesha mbele ya serikali jinsi mtu anavyoheshimiwa. Nikajiinua kidogo ili nisikie vizuri. Akasema hajui kama anastahili maneno niliyoyasema. Akasema alirudi nyumbani jana akakaa kwenye ngazi, na mkewe akadhani ameanguka.

Nikajilaza tena. Nikavuta blanketi hadi kichwani.

Akmaral akaingia. Hereni zilikuwa masikioni tayari, ndogo, za fedha. Akakaa kitandani kwangu, akanishika mkono, akasema alikuwa akisubiri niseme neno, na nimelisema vizuri kuliko alivyoota. Akasema ni miaka miwili, yeye na Yeldos. Aliogopa kuniambia kwa sababu ya ule ugomvi wa theluji. Nikamuuliza sasa lile chekeche je. Akainamisha kichwa, akacheka. Akaniuliza nilijuaje.

Ningefanya nini? Nikasema baba anajua yote.

Na ndipo harufu ikaingia. Ini na mafuta ya mkia, yamekatwa membamba, maziwa ya mgando juu. Nilikuwa sijala tangu jana. Nikajiambia nitakwenda kuonja kipande tu, nikishikilie shavuni, kisha nikiteme nje. Shemeji wa Orazbek, mke wa kaka yake, alinijazia mdomo kwa mkono wake kama ilivyo desturi, akanipaka mengine usoni, watu wote wakacheka. Shavu halikutosha. Nikameza. Kilikuwa kitamu mno. Nikaomba cha pili. Cha tatu nilijichukulia mwenyewe.

Basi, tumekuwa makuda. Nimemwoza binti yangu kwa mtoto wa Orazbek. Akmaral anaimba jikoni.


Jumamosi, 26 Machi

Theluji imeyeyuka. Nimepumzika siku mbili nzima na zimenichosha.

Leo kuda Orazbek amenialika rasmi. Tarehe mbili Aprili anafanya karamu kwa ajili yetu, na yule kuda wake wa benki atakuwepo. Sasa nauliza: kichwa cha kondoo atapewa nani? Kichwa ni kimoja, na ni cha mgeni anayeheshimiwa kuliko wote. Benki ana gari. Benki ana tai. Lakini mimi ni kuda mpya, tena mwenye maneno! Nikikosa kichwa mbele ya mtu wa benki, bora nihame wilaya.

Nimekwisha panga. Nitafika mapema, kabla ya wote. Nitaketi juu kabisa na kujifanya goti limekaza, siwezi kunyanyuka. Kichwa kikiingia, kitanikuta mimi kwanza. Nikishakigusa kwa kisu, nani atanipokonya? Mpango hauna tundu hata moja.

Kosa la Nairuzi nimelijua ni nini: nilitaka kufanya mambo yote mwenyewe. Safari hii nimegawa kazi. Jioni hii nimemweleza Balzhan mpango wote, hatua kwa hatua, na nimemwomba aende kwa mke wa Orazbek amsaidie kupanga nani akae wapi na sahani ipi iende kwa nani. Alikuwa anakanda unga. Akasema hamna shida, baba Akmaral, nimwachie yeye.

Nimefurahi sana. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na huyu mwanamke hajanifanyia hila hata moja.